Shukrani Iliyotangulia Habari

Ilikuwa mwaka 2020. Hapana, nimekosea, na siyo mara ya kwanza kukosea hapo. Mwaka 2020 ndio ule mto Mulongwe uliposhuka na mawe ukabeba nyumba za watu, na Generose yumo katika habari hiyo pia. Ndiyo maana miaka hii miwili inagongana kichwani mwangu. Hili ninalotaka kusimulia lilikuwa 2025, mwezi wa pili, watu wa uwanda wa Ruzizi walipokimbia masasi ya bunduki wakavuka mto kuingia Burundi. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani na hakuna aliyeyavuna. Hapo sikosei.

Generose anakaa Kalundu, pale Uvira, kando ya ziwa, na kazi yake ni kuanika ndagala. Mtu asiyeijua kazi hiyo anafikiri ni kumwaga samaki wadogo juani halafu kwenda kukaa kivulini. Siyo hivyo. Ndagala wanageuzwa, wanatandazwa upya, wanalindwa na kunguru na bata, na zaidi ya yote wanalindwa na mawingu. Mvua ya huku inashuka ghafla kutoka milimani, nyuma ya mgongo wako, wewe ukiwa umetazama ziwa. Ndagala aliyekauka nusu akilowa tena, kichwa kinakatika, tumbo linanuka, na kazi yako imekwisha bure. Kwa hiyo wanawake wa kazi hiyo wana tabia moja: wakisema maneno machache, wanageuka kutazama milima. Hata kanisani utawajua. Wanageuka.

Generose naye aligeuka kama wenzake, lakini aligeuka akiimba. Sauti yake siyo nzuri, niseme ukweli. Ni nzito, kama ya mwanaume aliyetoka kushiba ugali. Lakini ilikuwa na furaha ndani yake, furaha isiyoomba ruhusa, na mimi nikiisikia nikiwa bado mbali barabarani nilijiambia, basi, leo nitalala Kalundu.

Mimi ni mtu wa kuziba sufuria na mabeseni. Natembea toka Baraka mpaka Luvungi na kurudi, na kila nikifika Kalundu nalala kwenye baraza ya Norbert, mume wa Generose, fundi wa taa za wavuvi. Norbert anasema kidogo, lakini habari moja haichoki kutoka kinywani mwake. Usiku ule wa Mulongwe, maji yalipoingia nyumbani, yeye alimbeba mgongoni binti yao wa miaka kumi, akamwambia mke wake abebe matela yao ya kulalia. Generose akaiacha matela, akabeba kichwani ngoma ya korali ya kanisa, iliyokuwa imewekwa kwao. Nyumba ilikwenda, ngoma ikabaki.

"Matela yetu ilivuka mpaka bila karatasi," Norbert huwa anasema. "Saa hii iko Burundi, Warundi wanailalia. Sisi tunalalia ngoma."

"Na ngoma haikoromi kama weye," Generose anamjibu, na anaendelea kugeuza ndagala.

Mtoto yule wa mgongoni ni Shalom. Ni wa pekee. Generose alimpata baada ya kungoja miaka mingi, mpaka watu wa ukoo wakaanza kumwambia Norbert maneno pembeni. Alipozaliwa, Generose alipeleka shukrani kanisani, akacheza toka mlangoni mpaka mbele, na hakuna tena aliyemwita Generose. Akawa Mama Shalom mpaka leo.

Hapo nisimame kidogo niseme juu ya hiyo shukrani, kwa sababu mambo yote yanatokea ndani yake. Kwetu, mtu akiwa ametendewa na Mungu, amepona, amejifungua, ndugu yake ametoka gerezani au amerudi kutoka vitani, anachukua kitu cha mkono wake, unga, kuku, ndagala, anaingia nacho kanisani akicheza. Majirani wanajipanga nyuma yake na kumsindikiza. Akifika mbele, mchungaji anamwuliza, na hapo ndipo anaisema habari. Siyo kabla. Kabla ya hapo hata ukiona macho yake yanang'aa humwulizi, kwa maana habari njema inasikiwa kwanza na Mungu nyumbani mwake, halafu na watu. Mtu akibeba beseni ya shukrani, kila mmoja anajua kwamba habari iko ndani ya mdomo wake na imefungwa mpaka mbele. Ndivyo ilivyo tangu nikiwa mdogo.

Jirani ya Generose pale ufukweni, nyavu zao za kuanikia zikigusana, ni Émérance, mama ya Eliane. Ulimi wake una chumvi. Generose akiimba kwa nguvu, Émérance alimwambia, "Mama Shalom, punguza bana, ndagala zangu zitafufuka zirudi majini." Binti zao walikua pamoja, wakaimba pamoja katika korali, mstari wa pili, na mwanzo wa mwaka ule waliondoka pamoja kwenda Lubarika kwa Pudentienne, dada ya Norbert aliyeolewa na mkulima wa uwanda, kumsaidia kuvuna mahindi. Wangerudi na gunia la unga kila mmoja.

Halafu vita vikashuka kwenye uwanda.

Mimi nilikuwa Sange. Nilifika Kalundu nikiwa katikati ya watu waliobeba matela, mbuzi, wagonjwa kwenye pikipiki. Generose alikuwa amesimama kando ya barabara na aliuliza kila mtu. Aliponiona hakunisalimu.

"Muzee Thaddée, umetoka juu. Uliwaona watoto?"

"Sikuwaona, mama. Watu wa Lubarika hawakuja njia hii. Wanasema walishuka kwenye mto wakavuka."

"Walivuka na nini?"

"Wengine na mitumbwi. Wengine wakielea na bidoni tupu za mafuta."

Aliangalia mikono yangu kana kwamba nilikuwa nimeficha kitu. "Shalom hajui kuogelea vizuri," akasema. "Ni mtoto wa ziwa na hajui. Niliogopa kumfundisha."

Siku zilizofuata hazikuwa na umbo. Rezo ya simu ilikatika. Norbert aligundua kwamba telefone ilishika kidogo tu ikitundikwa kwenye msumari wa mlango, basi ikatundikwa hapo, na sisi wote tukawa watu wa kuangalia msumari. Wengine walikuja na maneno: kwamba mto ulikuwa umejaa, kwamba wengi walikufa maji, kwamba hapana, wengi waliokoka na wako kwenye uwanja wa mpira huko ng'ambo, wamelala chini bila kitu. Kila neno Generose alilipokea kwa mikono miwili na lilimwunguza. Alianza wimbo, akafika katikati, akausahau. Émérance hakufanya mzaha. Wanawake wale wawili waligeuza ndagala na kutazama. Si milima tena, walitazama barabara ya kaskazini, na mara moja mvua iliwakuta hivyo, wakapoteza nusu ya samaki.

Jumamosi moja Generose aliniletea beseni yake kubwa, ile ya bluu, imepasuka chini.

"Muzee, unizibie hii leo. Kesho nina kazi nayo."

"Kazi gani ya Jumapili?"

"Ya kanisani," akasema. "Mbele."

Moyo wangu uliruka. Nilimtazama usoni, akainama. Nilitaka kuuliza, lakini nimekwisha kuwaambia, hatuulizi. Nilichemsha plastiki, nikaziba ule ufa vizuri kuliko nilivyowahi kuziba kitu. Norbert naye alimwona akikunja kitenge cha korali cha Shalom na kukiweka juu ya ndagala. Hakuuliza. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko peke yake.

Jumapili kanisa lilikuwa nusu tupu, maana wengi walikuwa wamekimbilia kwa ndugu. Katikati ya ibada mlango wa nyuma ukafunguka, Generose akaingia, beseni kichwani, kitenge cha Shalom juu yake. Kila mtu alikijua kile kitenge. Mpiga ngoma hakungoja kuambiwa. Na vigelegele vikatoka, vigelegele vya watu waliokuwa wamebana pumzi tangu siku ya kwanza. Wanawake waliacha viti wakajipanga nyuma yake. Lakini aliyekimbia mbele ya wote ni Émérance. Watoto waliondoka pamoja. Mmoja akipatikana, wote wamepatikana. Alivua kitambaa cha kichwa, akakipunga hewani, akacheza mpaka vumbi la sakafu likapanda. Sijawahi kumwona mtu akicheza vile.

Wakafika mbele. Ngoma ikanyamaza. Mchungaji Toussaint, kijana mzuri, anayependa kusema, alikuwa analia na kucheka. Akamsogezea kipaza sauti.

"Mama Shalom, tuambie. Bwana ametenda nini?"

Generose alishusha beseni. Alipumua.

"Sina habari," akasema. "Sijasikia kitu. Kwangu rezo haiko, kama kwenu."

Mchungaji alibaki ameshika kipaza sauti, hajui akirudishe au akiache.

"Mtanisamehe," Generose akaendelea, na ile sauti yake nzito ilikuwa ndogo. "Minye nilijiangalia nikaona kitu kimoja. Habari ikija mbaya, sitaweza kucheza hapa tena. Najijua, mdomo utafunga. Na huyu mtoto nilipewa. Miaka yote hii nilikuwa naye, anacheka nyumbani, anaunguza ugali, anaimba pale mstari wa pili. Hiyo yote nani ataishukuru? Basi nimekuja leo, wakati sijui. Kesho pengine nitalia. Leo nashukuru."

Nilisikia maji ya ziwa, maana siku hizi yamepanda mpaka karibu na ukuta wa kanisa.

Émérance alikuwa bado amesimama, kitambaa mkononi. "Unasema hakuna habari?"

"Hakuna, dada yangu."

"Na Eliane?"

"Sijui."

Émérance alianza kufunga kitambaa chake kichwani, polepole, kama mtu anayevaa ili aondoke safari. "Minye nilicheza," akasema. "Nilicheza watoto wetu wamefika." Halafu akatoka kwa mlango wa pembeni.

Kuanzia siku ile alihamisha nyavu zake, akaanika akiwa amempa Generose mgongo. Hakumsalimu. Lakini aliwaambia wengine kwa sauti ya kumfikia: "Kuna watu wanafanya harusi juu ya msiba wa wenzao." Generose alisikia, akageuza ndagala wake, hakuimba. Jioni nilimsikia akimwambia Norbert, "Kama nilimkosea Mungu? Kama nilimpima?" Norbert alikuwa anasafisha kioo cha taa. "Ulimkosea Émérance," akasema. "Mungu sijui. Pengine alifurahi, hana wengi wa kumshukuru saa hizi."

Sasa, kosa lile halikubaki kanisani. Wale waliotoka kabla ya Generose kusema, na wale waliosikia vigelegele wakiwa njiani, walikwisha kuondoka na habari yao. Wamotari, wale wa pikipiki, waliibeba. Mpaka sokoni, mpaka Kavimvira kwenye mpaka, watu wakasema: kuna mama wa Kalundu amepigiwa simu kutoka ng'ambo, mtoto wake yuko hai, amecheza shukrani. Na nani anacheza shukrani bila habari? Hakuna aliyefikiri hivyo. Jumatatu asubuhi watu wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa uwanda, amebeba mtoto mgongoni. "Mama, ni kambi gani? Walikupigia na namba gani? Nina mume wangu kule." Generose alimwambia ukweli pale pale mlangoni, na yule mwanamke aligeuka akaondoka, na nikaona mabega yake. Generose alisimama akimtazama. Wa pili alipokuja, alimwambia ukweli vilevile, lakini akamshika mkono kabla hajageuka.

"Nilikudanganya bila kutaka. Usiende bado. Kaa, ule ndagala. Unamtafuta nani?"

"Mjukuu wangu," akasema yule bibi.

"Iko namna gani?"

"Mwizi wa sukari," bibi akasema, na akashangaa kusikia anacheka. "Anaiba, halafu anasema ni siafu. Siafu wenye vidole."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Walikuja kuuliza habari, Generose akawaambia hana, akawakalisha, akawauliza habari ya mtu wao: anacheka namna gani, anapenda chakula gani, alikuwa anagombana na nani. Na mtu aliyeingia amejikunja kama kitambaa kilicholowa alianza kusema, na akisema alinyooka. Wengine walimaliza kwa kulia. Halafu Generose alianzisha wimbo, taratibu kwanza, na wale wenye kujua waliupokea. Nimekaa na watu wengi wanaongoja, katika safari zangu. Mahali pengine wanaongoja kimya. Pale baraza lilicheka na kuimba, na mmoja akigeuka ghafla kuangalia msumari wa telefone, wote waligeuka pamoja naye. Hofu haikuondoka. Ilikaa nao pale pale, na walimwimbia Mungu mbele yake.

Kati ya waliokuja alikuwa mkulima mmoja wa uwanda, mtu mzima, Ngendakumana. Anasema Kirundi, na Kiswahili chake anakichagua neno kwa neno. Alimtafuta mke wake, Kaneza. Alikaa pembeni, akala, hakuimba, maana nyimbo zetu si za kwao, yeye ni Mkatoliki. Alipokuwa anaondoka alisema:

"Minye nitavuka. Kwenye mtumbwi wa mtu ninayemjua, chini ya Sange. Nina shemeji Rugombo. Mnipe majina ya watu wenu."

Mchungaji Toussaint, aliyekuwa amekuja kuona baraza lile, akatoa karatasi. Ngendakumana alikataa.

"Hapana karatasi, Padri."

"Mimi siyo padri."

"Pasta. Karatasi yenye majina ya watu, nikutane nayo mbele ya watu wa bunduki? Wataniuliza hawa ni nani." Alitoa rozari yake mfukoni. "Mnipe moja moja. Kila punje jina."

Na wakampa. Alishika punje, mtu akasema jina, yeye akalirudia mara kadhaa mpaka akaridhika, akasogeza kidole. Zamu ya Generose ilipofika alisema, "Shalom, wa Norbert na Generose, Kalundu." Halafu akaangalia upande wa nyavu za Émérance. "Na punje inayofuata umuweke Eliane, wa Émérance. Waliondoka pamoja. Usiwatenganishe."

"Punje hazitengani," Ngendakumana akasema. "Ziko kwenye uzi mmoja."

Norbert alimgeukia Mchungaji. "Pasta, sasa mtoto wangu amewekwa kwenye rozari. Utamtoa kwenye korali?"

"Papa Shalom, nyamaza," Generose akasema. "Mungu atamsikia hata kwa Kikatoliki." Na Mchungaji mwenyewe akacheka, akaweka mkono wake juu ya ule mkono wenye rozari, akamwombea safari.

Kungoja kulikofuata kulikuwa kubaya kuliko kwa kwanza, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kumngoja. Baraza lilijaa kila siku, Generose aliimba nalo, lakini nilimwona akienda nyuma ya nyumba, akikaa chini na kushika magoti yake. Alirudi amenawa uso, akauliza, "Nani mwenye zamu ya kutuambia mtu wake?"

Telefone ililia mchana mmoja, mawingu yakiwa yamekaa juu ya milima. Norbert aliifikia kwanza. Namba ilikuwa ya Burundi. Tulisikia sauti ya Ngendakumana, mbali, inakatika.

"Ile punje," akasema. "Nimepata muntu. Simama, nakupatia yeye."

Norbert hakuweza. Alimpa mke wake telefone kama mtu anayekabidhi kitu cha moto. Na sauti nyembamba ikasema, "Mama."

Yule mwanamke wa kuimba hakuwa na sauti. Alipiga magoti pale mlangoni, telefone sikioni, na sisi tulisimama kumzunguka tukiogopa hata kukohoa. Na wakati ule ule mvua ikaanza, matone makubwa, ya mbali mbali. Ndagala wote walikuwa nje. Hakuna hata mmoja wetu aliyesogea.

Aliyesogea alikuwa Émérance. Hakuwa amesema naye tangu ile Jumapili, lakini katika kazi hiyo iko sheria moja ambayo ugomvi hauivunji: mvua ikija, unakusanya za jirani kama zako. Alikuwa anakunja nyavu zake na za Generose, peke yake, akigombeza mvua, akigombeza bata, akigombeza wanawake wanaokaa kwenye telefone. Generose alipotoka alimkuta amekumbatia beseni ile ya bluu, maji yanamshuka usoni.

"Nani alipiga?" Émérance akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

Mimi nilikuwa nyuma yao na nyavu mikononi, nilisikia yote.

"Shalom."

"Na wa kwangu?"

Generose alimkaribia mpaka vichwa vyao vikakaribia kugusana. "Waliingia majini wameshikana mikono, kila mmoja na bidoni yake. Katikati maji yakawatenganisha. Shalom alimsikia anamwita, upande wa chini. Alipotoka hakumwona. Anamtafuta kila siku, Mama Eliane. Kambi ni nyingi, watu wametawanyika. Hajamwona. Sitakuficha kitu tena."

"Alimsikia anaita."

"Ndiyo."

"Basi alikuwa na sauti."

"Alikuwa na sauti."

Émérance aliingiza beseni ndani, akairudia nyingine. Walikusanya mpaka mwisho. Ndipo, akikamua kitambaa chake, akasema bila kumtazama mwenzake:

"Jumapili utacheza."

"Siwezi. Nitachezaje mbele yako?"

"Weye ulicheza ukiwa huna kitu. Leo uko nacho, unyamaze kwa ajili yangu? Usinifanyie hivyo, nitakuwa mzigo kwako maisha yangu yote." Alipangusa pua. "Ila hutatangulia. Minye nitatangulia."

"Utasema nini mbele?"

"Hilo siyo lako."

Jumapili hiyo mlango wa nyuma ulifunguka, na aliyeingia na beseni ya bluu ni Émérance, kitenge cha Eliane juu ya ndagala. Generose nyuma yake, mikono mitupu. Watu hawakupiga vigelegele. Walikuwa wamejifunza, waliogopa kufurahi kabla ya kuambiwa. Wanawake wale wawili walicheza njia nzima katika kimya kile, na ngoma peke yake ikiwasindikiza, ile iliyookolewa majini. Mimi nilihesabiwa katika watu waliolia, na sina haya.

Mchungaji aliuliza kwa sauti ya chini. "Mama Eliane, umesikia habari?"

"Nimesikia alikuwa na sauti," Émérance akasema. "Katikati ya mto alikuwa na sauti. Sauti ile nilipewa minye kuisikia tangu siku alipozaliwa, ilikuwa inanisumbua nyumba nzima. Naishukuru. Nyingine yote nitalia nyumbani, na huyu hapa nyuma atanisaidia." Akageuka. "Sasa mpige vigelegele. Shalom yuko hai, mnangoja nini?"

Vikapigwa.

Ngendakumana alimpata Kaneza pia, katika kambi nyingine, mguu umevunjika lakini mzima. Shalom alirudi njia ilipofunguka, amekonda, anashtuka mlango ukigongwa. Mambo ya mwisho wa mwaka ule, vita vilipofika Uvira penyewe, ni habari nyingine, sitaiingiza hapa. Nitasema tu kwamba mara ya mwisho nilipopita Kalundu, nyavu za Mama Shalom na za Mama Eliane zilikuwa zinagusana tena. Nilisikia ile sauti nzito tangu barabarani, na nilipokaribia nikasikia na nyingine ikimjibu, "Punguza bana, zitafufuka." Halafu Émérance aligeuka. Hakutazama milima. Alitazama kaskazini.

Kila Jumapili bado anakwenda mbele. Hachezi kila mara. Siku nyingine anatembea tu. Anasema akiacha, hofu itakaa kwenye kiti chake.

Nami nimepata kazi ya pili juu ya ile ya sufuria. Kila ninapofika, Baraka, na siku hizi hata ng'ambo, Rugombo na Rumonge, kwenye kambi na kwenye masoko, naweka chini mfuko wangu, naziba kwanza beseni ya mtu, halafu nauliza. Émérance alinifundisha maneno, akaniambia nisiyabadilishe. Watu wananisikiliza vizuri, wananipa maji ya kunywa, wanaangalia chini. Hakuna aliyenijibu bado. Nauliza hivi: hapa kwenu hamjasikia sauti ya msichana anayeitwa Eliane, ambaye mama yake yuko Kalundu anamshukuru Mungu kwa ajili yake kila Jumapili?